Siku Moja ya Kupumzika kwa Rafiki: Ushauri kwa Tunaosafiri Mbali kwa Gari

Shule zikifungwa huku Marekani familia zetu nyingi zinajulikana kwa jambo moja, nalo ni kupakia gari. Kuna harusi Houston, kuna kipaimara Dallas, kuna msiba Columbus, kuna mtoto wa dada kamaliza chuo. Tiketi za ndege kwa watu watano hazishikiki, basi baba anakagua oili na matairi, mama anakaanga maandazi mpaka usiku wa manane, na alfajiri watu wanaingia barabarani kwa safari ya maili elfu moja na zaidi kama vile wanakwenda Kariakoo kununua kitenge.

Sina ugomvi na safari za gari, tena nazipenda. Ugomvi wangu ni na zile sifa tunazojipa baada ya kufika. "Sisi tuliendesha masaa 19, tulisimama sheli tu." Watu wanacheka na kushangilia. Mimi kama muuguzi nikisikia hivyo naangalia macho ya msemaji, halafu naangalia miguu yake.

Leo naomba tuzungumzie siku moja ya kushinda kwa rafiki katikati ya safari ndefu. Sisemi kulala masaa manne na kuondoka. Nasema unafika jioni, unalala, unashinda pale, unalala tena, ndipo unaondoka. Nilisomea uuguzi nyumbani Tanzania, nikaja huku nikakaa tena darasani, na sijaona kidonge kinachomsaidia msafiri kama siku ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba siku hiyo tunaiharibu wenyewe, na mara nyingi tunaiharibu kwa upendo.

Nitatumia mfano wa safari yetu ya mwezi wa saba mwaka jana. Tunaishi Minneapolis na tulikuwa tunakwenda Houston. Njia tuliyochagua inafuata Interstate 35 mpaka Dallas, kisha unaingia Interstate 45. Ni maili 1,200 na ushee, na mji wa Wichita, Kansas, upo karibu katikati kabisa, maili 600 na kidogo kila upande. Hapo anaishi shoga yangu niliyesoma naye chuo cha uuguzi, pamoja na mume wake na watoto watatu. Garini tulikuwa mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Mama ana miaka 71, ana presha, na ana kisukari cha kuchoma insulini.

Usingizi kwanza, stori kesho

Tulifika saa mbili usiku, masaa kumi na mbili tangu tuondoke, pamoja na kusimama njiani. Wenyeji wetu wa Kiswahili mnawajua. Meza ilikuwa imejaa pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari na chapati. Shemeji alikuwa amealika jirani yake Mkenya na familia mbili za Wakongo, wote wamekaa sebuleni wanasubiri wageni wa Minnesota. Katika hali kama hii dereva hawezi kusimama na kusema naenda kulala, ataonekana ana dharau. Anakaa. Anakula sahani mbili. Anapewa chai ya rangi yenye tangawizi kikombe cha pili na cha tatu. Mazungumzo yanafika kwenye siasa za nyumbani na hapo hayaishi.

Hesabu yenyewe ni hii. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo, akili yake na mikono yake vinafanya kazi kama vya mtu mwenye kilevi cha 0.05 katika damu. Akifikisha masaa 24 ni kama mwenye 0.10, na majimbo karibu yote ya Marekani yanakukamata kwa 0.08 (Utah ni 0.05). Mume wangu aliamka saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo masaa yake 17 yaliisha saa nne usiku, akiwa bado mezani. Kama tungekuwa watu wa kulala kidogo na kuondoka saa kumi alfajiri ili tukwepe joto, angeshika usukani akiwa na usingizi wa masaa manne tu, tena katika muda ambao mwili wa binadamu unadai usingizi kuliko wakati wowote. Hatari ya kusinzia ukiendesha inapanda sana kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inapanda tena kidogo mchana, kama kati ya saa nane na saa kumi.

Anayesinzia hajui kama anasinzia. Ubongo unajizima sekunde tatu au nne, macho wakati mwingine yakiwa wazi. Gari likiwa katika maili 70 kwa saa linakwenda zaidi ya futi 100 kila sekunde, maana yake katika sekunde nne limepita urefu wa uwanja mzima wa mpira bila dereva.

Shoga yangu naye ni nesi, kwa hiyo hakuona haya. Mume wangu alipomaliza sahani ya kwanza, dada wa watu akasimama akasema, "Shemeji, maji ya kuoga tayari, chumba kiko chini, hakuna mtoto atakayekugongea." Mume wake akalalamika kwamba mgeni hata hajashiba. "Baba, huyu ameamka saa kumi na moja alfajiri, saa hizi ni mlevi asiyekunywa pombe. Stori zako atazisikia kesho, siku nzima ni ya kwenu." Watu walicheka, na mzee akaenda kulala. Aliamka saa tatu asubuhi.

Wenzetu wenye malori wanaijua sheria inayowabana: wakibeba mzigo hawaruhusiwi kuendesha zaidi ya masaa 11 kabla ya kupumzika masaa 10 mfululizo. Anayebeba mahindi na viti vya plastiki analazimishwa apumzike. Sisi tunaobeba mama zetu na watoto wetu hakuna anayetulazimisha. Na wengi wetu tunaingia barabarani tayari tukiwa na deni, maana tunatoka sifti ya usiku kwenye nyumba za wazee saa moja asubuhi, saa mbili mizigo inapakiwa, saa tatu tupo njiani. Kwa mtu wa namna hiyo usiku mmoja hautoshi. Ndiyo maana nasema siku nzima na usiku wa pili.

Kuhusu chai na kahawa, kafeini inabaki mwilini muda mrefu. Baada ya kama masaa matano nusu yake bado ipo. Siku ya mapumziko dereva anywe anavyotaka asubuhi, lakini baada ya saa nane mchana aachie wengine. Soda nyeusi nazo zihesabiwe humo humo. Pombe inakupa usingizi wa haraka na kukuamsha saa tisa usiku, kwa hiyo haisaidii. Pia angalieni dawa za mafua na za mzio zinazouzwa bila cheti cha daktari. Nyingi zinaleta usingizi unaoendelea mpaka asubuhi ya pili, na ndizo tunazokimbilia tukifika nyumba yenye paka.

Miguu ya Mama

Asubuhi nilianza na miguu ya mama mkwe. Tulipofika usiku viatu vilikuwa vimekataa kutoka. Kifundo cha mguu kilikuwa hakionekani, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Binti mkubwa wa shoga yangu, mtoto mwenye adabu, alikuwa ameshaleta beseni la maji ya moto na chumvi. "Bibi, leta nikukande."

Hapa ndugu zangu nisikilizeni vizuri. Mtu mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa amepoteza hisia za nyayo bila mwenyewe kujua. Maji yanayomuunguza yeye anayaona ya vuguvugu, anasema "yako sawa mwanangu," na kesho yake ngozi imetoka malengelenge. Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari ni jambo kubwa, kuna watu waliokatwa mguu na chanzo kilikuwa kidonda kidogo tu. Basi maji tukayapoza, nikayapima kwa kiwiko kama ya kumuogesha mtoto mchanga, akaosha miguu bila kuloweka, tukakausha mpaka katikati ya vidole. Binti hakukosea kitu, alifanya alivyofundishwa.

Kabla ya kuruhusu mtu amkande nilitazama kitu kingine. Miguu ilikuwa imevimba yote miwili, sawasawa, bila maumivu. Mama anatumia amlodipini kwa ajili ya presha, dawa inayojulikana kwa kuvimbisha vifundo, na alikuwa amekaa kitini siku nzima. Usiku tukainua miguu juu ya mito miwili, asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua sana. Uvimbe wa namna hiyo unachosha tu. Ninaouogopa ni ule wa mguu mmoja. Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likauma, likawa na joto au rangi kubadilika, fikiria donge la damu lililoganda kwenye mshipa wa ndani. Hapo usikande, usichue kwa mafuta, usiweke maji ya moto ukisema ni uchovu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Donge likikatika linasafiri mpaka kwenye mapafu, na mtu anaanza kuhema kwa shida ghafla, kifua kinamchoma akivuta pumzi, moyo unakwenda mbio, wengine wanakohoa damu au wanazimia. Hiyo ni simu ya 911, wala sio gari la shemeji.

Watu wengi wanadhani haya ni mambo ya ndege. Sivyo. Mwaka 1940, London ikipigwa mabomu na Wajerumani, daktari Keith Simpson aliona watu wanakufa kwa donge la damu kwenye mapafu baada ya kulala wameketi kwenye viti vya turubai katika mahandaki. Hakukuwa na ndege waliyopanda. Mwaka 1954 daktari John Homans wa Marekani akaandika kuhusu damu kuganda miguuni kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa matokeo ya utafiti wake mwaka 2007, lilisema safari ya masaa manne au zaidi, iwe ya ndege, gari, basi au treni, inaongeza hatari ya damu kuganda karibu mara mbili. Tusitishane, kwani hatari yenyewe kwa mtu mzima wa afya ni ndogo, kama mmoja kati ya watu 6,000. Lakini hatari hiyo haiishi siku ya kufika. Inabaki juu kwa muda wa kama wiki nne, na anayesafiri tena na tena ndani ya muda mfupi anajiongezea.

Kuna watu wanaotakiwa kuzungumza na daktari kabla hata ya kupakia gari. Nao ni aliyewahi kupata donge la damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito na aliyejifungua wiki chache zilizopita, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mgonjwa wa saratani, na mwenye ugonjwa wa selimundu. Huyu wa mwisho anahitaji maji kuliko wote. Soksi za kubana zinazofika magotini zinasaidia baadhi yao, lakini mwenye kisukari au mishipa ya miguu iliyoziba asinunue tu dukani, aulize kwanza, kwa sababu zinaweza kumkosesha damu nyayoni. Na aspirini mnazomeza kabla ya safari "kulainisha damu" sio kinga ya kutegemea. Ina madhara yake tumboni.

Dawa ya kweli ni shavu la mguu lenyewe. Msuli ule ukikaza unasukuma damu kurudi juu kwenye moyo, ukitulia damu inasimama. Njiani tulisimama kila baada ya masaa mawili, dakika kumi za kutembea, hata pale Matfield Green katikati ya vilima vya majani vya Flint Hills ambapo hakuna kitu cha kuona ila upepo. Siku hizi barabara ya Kansas Turnpike, tangu Julai 2024, hakuna kusimama kulipa fedha, kamera inapiga picha unapita. Ni nzuri kwa foleni, lakini sababu moja ya kusimama imeondoka, inabidi utafute yako.

Siku ya mapumziko nayo iwe ya miguu. Kama umekaa masaa kumi na mbili kwenye kiti cha gari, ukihamia kwenye kochi mbele ya filamu za Bongo kutwa nzima, mwili hauoni tofauti. Sisi akina mama tuliamka mapema, mzee tukamuacha alale. Saa moja asubuhi, kabla joto halijapanda, tulikwenda mahali mto Arkansas unapokutana na mdogo wake, Little Arkansas. Kuna sanamu ya chuma ya mpiganaji wa Kihindi Mwekundu, urefu futi 44, iliyotengenezwa na msanii Blackbear Bosin na kusimikwa mwaka 1974, wanaiita Keeper of the Plains. Kuna madaraja ya watembea kwa miguu. Mama mkwe alitembea taratibu, akasimama, akatembea tena, dakika kama arobaini kwa jumla. Akauliza kama mto huu una mamba. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Maji ambayo wazee hawanywi

Nilipokuwa natembea naye ndipo aliponiambia jambo ambalo naamini mama zenu pia wanalifanya. Siku nzima ya safari alikunywa nusu chupa ya maji tu. "Sikutaka kuwasumbua mnisimamishie gari." Na kidonge chake cha presha kile cha kupunguza maji mwilini alikuwa amekiruka, kwa sababu hiyo hiyo.

Mzee asiyekunywa maji, ndani ya gari lenye kiyoyozi kinachokausha midomo, damu yake inakuwa nzito, sukari inapanda, anapata kizunguzungu akisimama. Kuruka dawa nako presha inapanda. Nilimwambia, "Mama, sisi tunasimama kila masaa mawili kwa ajili ya miguu ya dereva, utake usitake. Choo chako hakituongezei dakika." Alifurahi. Siku ile alikunywa vizuri, na tulikubaliana kwamba siku za safari amezee dawa zake zote kama kawaida. Kama muda wa kidonge cha maji unasumbua, muulize daktari au mfamasia kama kinaweza kusogezwa mpaka jioni baada ya kufika. Usimwachie mzee aamue kimya kimya kwenye kiti cha nyuma.

Sasa sukari. Siku ya kusafiri chakula kinakuwa cha ovyo, mara kimechelewa, mara ni viazi vya kukaanga vya sheli. Siku ya mapumziko ni nafasi ya kurudisha saa za kula na za kuchoma sindano mahali pake. Bahati njia hii yote kutoka Minnesota mpaka Texas ina saa moja, hakuna kugeuza. Shoga yangu alipakua pilau la mchana akampa Mama sahani ya wali kiasi cha ngumi, nusu ya sahani kachumbari na mboga, na kipande kizuri cha kuku. Mama akatazama sahani za wengine. Shemeji akataka kumuongeza. Namna ya kukataa bila kuudhi ni hii: "Baba, chakula chenu nimekipenda mno, nifungieni nile kesho njiani." Hakuna mwenyeji wa kwetu anayechukia kufunga chakula.

Jambo moja la wazazi waliotoka nyumbani. Mashine ya kupima sukari ya Tanzania au Kenya kwa kawaida inasoma kwa milimoli, ya hapa Marekani inasoma kwa miligramu. Zidisha ya nyumbani kwa 18. Ikisoma 5.6 hiyo ni kama 100 ya huku. Ikiwa chini ya 3.9, yaani chini ya 70, sukari imeshuka, mpe nusu glasi ya juisi au soda yenye sukari, subiri dakika 15, pima tena. Kama amezimia au hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, piga 911. Mwambieni na mwenyeji habari hizi, maana wewe unaweza kuwa umelala chumba cha chini wakati Mama anatetemeka jikoni.

Insulini isiachwe ndani ya gari hata kwa nusu saa ya kusalimiana. Nje kukiwa na nyuzi 80 za Farenhaiti, ndani ya gari lililofungwa zinafika karibu 99 kwa dakika kumi, na 114 kwa nusu saa. Kansas mwezi wa saba nje peke yake kunaweza kufika 95 na zaidi. Insulini iliyopikwa haibadiliki sura kila mara, ila haifanyi kazi, na utajua sukari ikishafika 300. Ile unayotumia inaweza kukaa nje ya friji kwenye kivuli, chini ya nyuzi 86, aina nyingi kwa siku 28. Ya akiba iingie kwenye friji ya mwenyeji, rafu ya katikati, mbali na barafu, kwa sababu ikiganda ni ya kutupa. Na ili usiisahau, ukishamaliza kupakia mizigo usiku wa mwisho weka ufunguo wa gari humo humo kwenye friji, juu ya kasha la insulini. Hutaondoka bila yote mawili. Shemeji alifungua friji kutafuta maziwa akauliza kama wageni wa Minnesota wanapoza funguo.

Kwa wenyeji na kwa masurufu

Wewe unayepokea wageni wa safari, kazi yako sio karamu. Toa chumba chenye giza na ubaridi, waambie watoto wako nyumba ina mgonjwa hata kama hayupo, na hiyo karamu iwe mchana wa siku ya katikati, iishe kabla ya magharibi. Kwa Wichita nyama choma ilianza saa saba na saa kumi na mbili jioni tulikuwa tunaosha vyombo. Stori zilikuwa nyingi na nzuri, na hakuna aliyesinzia kuzisikiliza. Andika anwani ya nyumba yako kwenye karatasi, ibandike kwenye friji. Mgeni akipiga simu ya dharura usiku ataulizwa yupo wapi, na wageni wengi wanajua tu "kwa fulani". Njiani vilevile, jifunze kusoma vile vibao vidogo vya kijani vya namba za maili, ndivyo vitakavyoleta gari la wagonjwa. Walioko Uingereza namba ni 999, Oman ni 9999, na nyinyi mnaoshuka Muscat hadi Salalah wakati wa kharifu, kilomita kama 1,000 za jangwa, haya ya maji na usingizi yanawahusu kuliko sisi. Kama hamna rafiki njiani, chumba cha hoteli pale Haima kinatosha.

Msiogope hospitali kwa sababu ya bima. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inailazimu hospitali yenye kitengo cha dharura kumpima kila anayeingia na kumtuliza hali yake kama kuna hatari, awe na bima au hana, awe mgeni au raia. Bili inaweza kuja baadaye, na tutaizungumzia siku nyingine. Mwenye Medicaid akumbuke kwamba ukiwa jimbo jingine kwa kawaida inalipia dharura tu, kwa hiyo dawa za kila siku chukua za kutosha na za siku chache za ziada.

Halafu lile furushi la chakula. Pilau la moto linalofungwa kwenye karatasi ya alumini saa moja asubuhi na kuwekwa kiti cha nyuma, ukalifungua Oklahoma City au mbele zaidi, linaweza kuwa sumu. Wali una kijidudu kinachostahimili kupikwa, na kikikaa kwenye uvuguvugu kinatengeneza sumu ambayo hata ukipasha tena haitoki. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya masaa mawili, na joto likizidi nyuzi 90 ni saa moja tu. Shoga yangu alikipoza chetu usiku kwenye friji, ndani ya vyombo vya mfuniko visivyo na kina kirefu, asubuhi kikaingia kwenye sanduku la barafu. Maandazi na karanga zilikaa nje.

Tuliondoka saa moja asubuhi, jua limeshatoka, madereva wawili wenye masaa nane ya usingizi kila mmoja, tukibadilishana kila tuliposimama. Kama asubuhi ile mgeni wako anapiga miayo anapofunga mkanda, mnyang'anye ufunguo, mwambie alale mpaka saa nne. Houston haihami. Na akianza kusinzia huko mbele asitegemee kufungua dirisha au kuongeza muziki, hivyo havisaidii. Aegeshe mahali salama, anywe kahawa, alale dakika 20, kahawa itamkuta anaamka. Hiyo nayo ni ya kumfikisha kituo cha kulala tu, sio ya kumalizia maili 300.

Mkisharudi nyumbani kwenu endeleeni kutazama miguu kwa wiki nne. Ukiona shavu la mguu mmoja limevimba, au pumzi inakatika ukipanda ngazi ulizokuwa unapanda bila shida, mwambie daktari au nesi sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Wiki tatu zilizopita nilisafiri kwa gari siku mbili." Wengi hawaulizi, na mgonjwa mwenyewe anakuwa ameshasahau.